Mwendo wa Mwajabu

1

Vikombe vitatu vilivunjika siku ya kwanza nami nikanyamaza. Cha nne kilikuwa changu, kile chenye maua ya buluu nilichopewa na marehemu mume wangu, na hapo uvumilivu ukanishinda.

"Hidaya mwanangu, meza ile pale, unaiona? Imesimama hapo tangu hujazaliwa. Kikombe kinawekwa juu ya meza. Hakiwekwi hewani."

"Nisamehe, Mamkubwa." Alikuwa ameinama anaokota vigae, polepole, kama anayeokota vitu vya mtu mwingine. "Mkono umekiachia wenyewe. Kule Juu ukimaliza kunywa unauacha mfuko wako wa chai hapohapo, ukiutaka tena unaukuta hapohapo."

"Na hapa unakikuta chini. Acha hivyo vigae, utajikata. Mize, lete ufagio."

Mize hakwenda. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtoto wa miaka minane, kidole mdomoni kama wa miaka miwili, anamtazama mama yake miguuni. Tangu alipofika alikuwa anamtazama miguuni tu. Miaka yote alikuwa akimwona kila Jumapili kwenye skrini ya ukutani, uso na mabega.

"Kumbe una miguu," akasema.

"Ninayo," Hidaya akajibu. "Miwili. Nimeihesabu asubuhi."

Nilicheka mpaka nikasahau kikombe changu.

Mimi naitwa Perpetua Mntambo. Hapa Muheza ukiuliza kwa Mama Perpe mkandaji, mtoto yeyote atakuonyesha. Miaka arobaini na mbili nimekanda wazazi waliotoka kujifungua: maji ya moto, majani ya mwarobaini, mafuta ya nazi, na mdomo wangu, maana mzazi asiposemeshwa analala tu na kulia. Tangu vioo vya jua vilipotundikwa Juu, kule angani, na watu wa huku kuanza kuajiriwa kule, nakanda washukaji pia, wanaorudi kutoka huko. Hakuna tofauti kubwa. Wote wametoka mbali, wote wanaiona miili yao kama ya kuazima, na wote wanatokwa na machozi wakisikia harufu ya kitunguu kikikaangwa.

Hidaya alikuwa fundi wa vioo hivyo. Taa ninayowasha jikoni kwangu inawaka kwa sababu yeye alikuwa akitoka nje ya kituo chao, kwenye giza lile lisilo na chini wala juu, akibandua kioo kilichotoboka na kubandika kizima. Namsifia na sioni haya. Aliondoka mtoto ana miezi kumi na moja, kwa mkataba wa miaka mitatu. Ikawa saba, kwa sababu chombo cha kuwapeleka wenzao wa zamu kiliharibika mara mbili, na wao wakasema hawatawazimia watu taa wakati hospitali zinaendeshwa na umeme huo. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida kabisa, Jumapili moja, huku anamwuliza Mize kama amekula. Ndivyo alivyo, na ndivyo alivyokuwa mama yake, Mwajabu, rafiki yangu niliyekaa naye nyumba moja miaka thelathini, yeye ghorofani na mimi chini.

Gari la Kituo cha Nyendo, wale wanaowarudishia washukaji kutembea, lilipomleta, nilikuwa nimejipanga nisilie. Mlango ukafunguka. Akaweka mguu wa kulia chini, akangoja kidogo, kisha akauvuta wa kushoto na kuutupa nje kama mtu anayekwepa dimbwi. Mkono wa kushoto ukaenda kiunoni. Hatua tatu, akasimama, akashusha pumzi. Hatua tatu nyingine. Majirani waliokuja kumpokea wakasogea kumpisha. Mzee Kihiyo akavua kofia. Aliyekuwa anakuja ni Mwajabu, Mwajabu mtupu, tuliyemzika miezi kumi na minne nyuma.

Nililia, tena kwa sauti. Watu wakanishika mabega wakinipa pole ya rafiki yangu, na kweli nilikuwa nalia kwa ajili yake. Lakini roho ilikuwa imeniruka kwa jambo jingine. Hidaya alipofika kwenye ngazi za nje zinazopanda kwa mama yake, mwendo ulibadilika. Zile hatua za kwenye ngazi hazikuwa za Mwajabu. Zilikuwa zangu.

2

Nieleze vizuri, maana hili jambo wengi wanalijua kwa juujuu.

Mtu akikaa kule miaka mingi, uti wa mgongo unasahau uzito. Misuli unaweza kuirudisha kwa mazoezi na supu. Lakini ule ujuzi wa kutembea, wa mguu kujua lini uinuke bila kuambiwa, unakwisha. Kwa hiyo anayeshuka anawekewa kibati nyuma ya shingo, kidogo kama ukucha wa kidole gumba, na ndani yake mna mwendo wa mtu mwingine. Kibati kinaukumbusha mwili hatua kwa hatua. Baada ya mwaka mwili unakuwa umeshika, kibati kinatolewa, na mwendo ule unakuwa wako mpaka kufa.

Ukikosa mtu wa kukupa wake, Kituo wanakupa wa kwao, uleule kwa kila mtu. Ni mwendo mzuri, sikatai, umenyooka na ni salama. Washukaji saba wa hapa mjini wanao. Wakikutana sokoni siku moja watoto wanawafuata nyuma wakiimba, kushoto, kulia, kushoto, kulia.

"Mwanangu hatatembea gwaride," Mwajabu akasema. "Nitampa wangu."

Watu wa Kituo wakamwambia waziwazi: mama, wewe unachechemea. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye ngazi ya kuchumia machungwa shambani, zamani, na goti la kushoto halikurudi sawa. Ukimpa mwanao mwendo wako naye atachechemea. Wakampelekea Hidaya ujumbe huko Juu ili achague mwenyewe. Akajibu siku hiyohiyo: "Nataka wa mama, na kuchechemea kwake kote."

Saa mia tisa, ndicho kipimo. Unavaa suruali ya kunasa, nyembamba, yenye nyuzi ndani za kurekodi kila hatua, chini ya gauni, na unatembea. Kwanza tambarare, halafu mteremko, halafu tope, halafu kwenye umati wa watu. Mwisho kabisa ngazi na mzigo, saa mia moja na arobaini za ngazi na mzigo peke yake. Mwajabu alikuwa na miaka sitini na mitatu. Mvua, jua, alitembea. Jioni anakuja kwangu goti limevimba kama chungwa, nalikanda, namtukana, naye ananitukana, kesho yake anatoka tena.

"Pumzika wiki moja, Mwajabu. Hilo goti si la chuma."

"Hidaya anapumzika?"

Nikaongeza mafuta, nikaendelea kukanda.

Alipofikisha saa mia saba na sitini moyo ukamlaza. Daktari akasema hata kukaa kitako akae kwa msaada. Ngazi zilikuwa hazijaanzwa, na tarehe ya mwisho ilikuwa imebaki miezi miwili. Rekodi isiyotimia inafutwa, hiyo ndiyo sheria yao. Akaniita, akanishika mkono.

"Perpe, nimalizie."

"Una wazimu. Huo ni mwendo wako, mimi nitaumalizia vipi?"

"Mguu huu umeukanda miaka ishirini. Unaujua kuliko mimi."

Ilikuwa kweli. Vidole vyangu vilijua mahali pale goti linapokataa, jinsi paja linavyokaza kulihurumia, jinsi kiuno kinavyopinda kulihurumia paja. Nilivaa ile suruali. Nilivaa na gauni lake, sijui kwa nini, labda niliona haya kufanya uongo nikiwa na nguo zangu. Nikachukua ndoo, nikaanza kupanda na kushuka zile ngazi kumi na nne, na yeye kitandani mlango wazi, anasikiliza.

"Perpe! Huo si mguu wangu! Mimi nina haraka gani?"

"Nyamaza, ugua wewe."

"Unatua kama gunia la mihogo! Mguu wa kushoto unaushusha, huutupi!"

"Njoo upande mwenyewe basi!"

Alicheka mpaka akapaliwa. Kila siku ilikuwa hivyo, yeye anasikiliza na kusahihisha, mimi napanda na kulalamika, na siku nyingine nilikuwa napatia kabisa mpaka ananyamaza, nikiingia nakuta machozi yanamtiririka. Saa zikatimia. Suruali ikarudishwa Kituo, mashine zao zikapima kuchechemea, zikaridhika. Siku ya tisa baada ya hapo Mwajabu akafariki. Kabla hajafa aliniapisha.

"Usimwambie. Ajue mama yake alimaliza."

Nikaapa. Mimi ni mwongo mdogomdogo kama watu wengine, lakini kiapo nilikuwa sijawahi kukivunja.

3

Wiki ya kwanza ilipita kwa vituko. Asubuhi namkuta Hidaya amejifunga kanga kiunoni mpaka kwenye ubao wa kitanda asije akaelea. Mvua ya kwanza iliponyesha alitoka nje na nguo zake nzuri, akasimama uso juu, mdomo wazi. Alikuwa anasahau salamu. Mtu anamwuliza habari za asubuhi, yeye anajibu "nzuri" na kuendelea na safari yake, haulizi watoto, haulizi mgonjwa, haulizi shamba. Nilikuwa nampiga kikumbo. "Uliza na wewe! Watasema umeleta maringo ya Juu." Akarudi nyuma mbiombio na kale kamguu kake, anauliza vya nyumba nzima mpaka kuku, watu wanacheka, naye anacheka nao.

Na alikuwa mkaidi, lakini ukaidi wa kupendeza. Kila saa alikuwa akijaribu kitu. Leo anasonga ugali, kesho anafua, keshokutwa anamsuka Mize nywele, anakosea, anafumua, anaanza upya, mtoto anapiga kelele. Nimekanda watu wengi. Wengi wanalala wakisubiri mwili urudi. Huyu alikuwa anaufuata huko ulikokwenda na kuurudisha kwa nguvu.

Shida ilikuwa ngazi.

Akipanda mikono mitupu, anafika. Akibeba kitu, hata sinia, kwenye ngazi ya tano anaganda. Mguu mmoja unataka kwenda huku, wa pili unataka kule. Mara ya kwanza alikuwa na nusu ndoo ya maji, akaangukia ubavu. Mara ya pili alikuwa na uji wa Mize, na kifundo cha mkono kikapata ufa. Mifupa ya washukaji ni kama biskuti, miaka miwili ya kwanza hata kukohoa ni hatari.

Fundi Mchomvu akaja kutoka Kituo, kijana mpole wa Kipare mwenye miwani. Akanipa shikamoo, akamwekea Hidaya kipimo shingoni, akamwomba apande ngazi na kitabu kimoja mkononi huku yeye amemshikilia kiuno. Ngazi ya tano, akaganda. Fundi akatazama kipimo chake muda mrefu.

"Ni jambo la ajabu," akasema. "Kwenye tambarare ni mwendo safi kabisa, mzuri kuliko wowote niliouona. Ukiingia ngazi na mzigo, ni kama watu wawili wanagombea usukani mmoja. Mmoja anahamishia mzigo kulia, mwingine anaung'ang'ania kushoto."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo la moto mkononi.

"Labda mama yako alibadilika alipozidi kuumwa," Fundi akaendelea. "Sijui. Ninachojua ni kwamba siwezi kukuacha hivi, Bi Hidaya. Ijumaa nije nikifute kibati, nikuwekee mwendo wa Kituo. Utatembea sawa, hutachechemea, hutaanguka."

"Hapana."

"Ukianguka tena kwa shingo..."

"Nimesikia. Hapana. Ni mazoezi tu, mimi ndiye nisiyeweza bado. Mama alipanda ngazi hizi miaka thelathini na ndoo kichwani. Mwendo wake hauwezi kuniangusha."

Akasema hivyo na uso umemng'aa, kwa fahari kabisa. Fundi akanitazama mimi, mtu mzima wa nyumba, nimsaidie. Nikageuka kwenda kubadilisha maji, na maji yalikuwa bado ya moto.

4

Siku mbili nilikuwa najibishana na Mwajabu kichwani. Uliniapisha, nikamwambia. Basi mlinde wewe huko uliko. Halafu najijibu mwenyewe: kwanza ni nani aliyetua kama gunia la mihogo kwenye ngazi hizo? Si wewe Perpetua?

Nikisema, kibati kitafutwa, na Mwajabu anakwenda nacho. Ule mwendo ndio kitu pekee cha mama yake ambacho Hidaya alikikuta. Sauti ameikuta kaburini, mikono ameikuta kaburini. Nikinyamaza, anao, anatembea nao, watu wanavua kofia, mpaka siku atakapovunja shingo kwa ajili ya hatua zangu mimi huku akidhani ni za mama yake.

Jumatano, saa nne asubuhi, nilikuwa natoka sokoni. Nikamkuta yuko ngazi ya nne, na ndoo tupu mkononi, midomo ameikaza. Chini ya ngazi amesimama Mize, mikono ameipanua, miguu ameitanua kama golikipa.

"Mize! Unafanya nini hapo?"

"Nimdake mama akianguka."

Mtoto wa kilo ishirini na mbili! Kikapu kilinitoka mkononi, nyanya zikatapakaa barabarani, nami nikapiga ukelele uliowatoa majirani ndani.

"Hidaya, kaa chini! Kaa hapohapo ulipo! Usiinue mguu!"

Akakaa. Nilimvuta Mize nyuma yangu, nikapanda mpaka kwa mama yake, nikakaa ngazi moja chini yake ili nisimtazame usoni. Majirani nikawapungia mkono waondoke.

"Hutaziweza hizi ngazi," nikasema. "Fanya mazoezi mwaka mzima, hutaziweza. Si mwendo wa mama yako. Ni wangu."

Nikampasulia yote. Moyo wake, kitanda, suruali, gauni, ndoo, kiapo. Sikujipamba. Nilipomaliza, Mize alikuwa chini anaokota nyanya moja moja.

"Wiki tatu," Hidaya akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo na imekauka. "Wiki tatu kila hatua namwambia ahsante mama. Nilikuwa namshukuru nani?"

"Yeye. Saa mia saba na sitini ni yeye. Kutoka garini mpaka hapa mwanzo wa ngazi ni yeye mtupu, naapa kwa Mungu. Kuanzia hapa kwenda juu ni mimi."

"Kinaweza kukatwa kipande chako?"

Tukampigia Fundi Mchomvu palepale. Alisikiliza mpaka mwisho, wala hakunikaripia.

"Bibi, wewe ni mkandaji, utanielewa. Unga na maji ukishakanda, unaweza kuyarudisha maji kikombeni? Kibati hakiweki kurasa kurasa. Kimechanganya. Ni kufuta chote."

Simu ikakatika. Hidaya akanigeukia, na hasira niliyoiona machoni mwake nilistahili yote.

"Ungenyamaza, Mamkubwa, ningekuwa naye."

"Ungekuwa naye mpaka lini? Mpaka uanguke tena? Mpaka siku huyu mtoto yuko hapo chini kukudaka?" Nilikuwa nalia sasa, kamasi na yote. "Nichukie. Nimekosa mara mbili, nilipopanda na niliponyamaza. Lakini siwezi kuzika watu wawili kwa ajili ya mwendo uleule!"

Akaikumbatia ile ndoo. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Alikuwa anasema nini, ulipokuwa unapanda?"

"Ananitukana."

"Anasemaje?"

"Anasema natua kama gunia la mihogo. Anasema yeye ana haraka gani."

Hidaya akacheka. Kicheko kikageuka kilio katikati, kisha kikarudi kuwa kicheko, na mkono wake ukaja begani kwangu ukatulia hapo, mzito. Nilikuwa nimemkanda wiki tatu, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza yeye kunishika mimi.

"Alilala kitandani anakufa," akasema, "anafundisha mtu kuchechemea."

"Na alikuwa mwalimu mkali."

"Mpigie Fundi aje Ijumaa. Afute. Lakini huo wa kwao pia siutaki. Nitajifunza wangu mwenyewe, kutoka sifuri."

Nilijua maana yake. Miezi ya kutambaa, mwaka wa magongo, na wengine hawafiki. Nilimtajia washukaji wawili walioshindwa, mmoja wa Korogwe na mmoja wa Lushoto, wote vijana kuliko yeye.

"Mamkubwa, mara ya kwanza nilijifunza nikiwa na mwaka mmoja, sina hata akili. Sasa ninayo."

Sijawahi kuona mtu wa namna hiyo. Nasema kweli, na nimeona watu wengi wakiwa katika hali zao mbaya kabisa.

5

Alhamisi yote alitembea. Alikwenda sokoni, akarudi, akaenda kwa Mzee Kihiyo, akapitia shamba la machungwa, akaenda makaburini na kurudi, tambarare tupu, Mize amemshika mkono. Mimi nilifuata nyuma hatua kumi, maana nilitaka kumwona Mwajabu siku nzima. Kila aliposimama kushusha pumzi, nami nilisimama.

Ijumaa asubuhi Fundi Mchomvu akaja na mkoba wake. Tukatandika godoro sebuleni kwangu chini. Hidaya akalala kifudifudi, Fundi akagusa kile kibati kwa kalamu yake, akahesabu mpaka thelathini, akasema tayari. Muda mfupi tu. Mimi nilidhani kutakuwa na sauti yoyote, mlio, kitu.

Tukamsaidia kukaa, tukamwegemeza ukutani. Akajaribu kuinua mguu wa kushoto. Haukuinuka. Akajaribu wa kulia, ukateleza kando kama wa mwanasesere. Aliitazama miguu yake, akaitazama, na ile jeuri yote ikamtoka.

"Mamkubwa," akasema. "Nimeutembea wiki tatu na sikuuona hata mara moja. Mtu hajioni akitembea. Hata sasa nikifumba macho siupati."

Fundi akainama akajifanya anapanga vifaa vyake mkobani.

"Wewe unaujua," Hidaya akasema. "Tembea."

"Mimi?"

"Tembea kama mama."

Nina miaka sabini na moja. Nilijifunga kanga vizuri, nikaenda mpaka mlangoni, nikasimama. Nikatafuta goti lake ndani ya goti langu, pale linapokataa. Nikaweka mguu wa kulia, nikangoja. Nikauvuta wa kushoto, nikautupa nje. Mkono kiunoni. Hatua tatu, nikashusha pumzi. Sikukimbia na sikutua kama gunia. Nilivuka sebule nzima, nikageuka dirishani, nikarudi.

"Bibi Mwajabu," Mize akasema kwa sauti ya chini. Nilitamani kumwambia si yeye, nikaacha.

"Tena," Hidaya akasema.

Nilivuka tena. Alikuwa amekaza macho, hapepesi, machozi yanaanguka kifuani na yeye hayafuti. Mara ya tatu goti langu lenyewe lilikuwa linauma kweli, sikuwa naigiza tena, na nilipofika mbele yake akaninyooshea mikono yote miwili.

"Basi, Mamkubwa. Pumzika. Nimemwona."

Nikapiga magoti kwenye godoro. Akanishika bega kwa mkono mmoja, kwa mwingine akamvuta Mize upande wa pili, akavuta pumzi.

"Haya," akasema, "sasa niinueni. Nianze wangu."